Nyuki wa Kipalapala: gumzo la ukoo

Shangazi Mwajuma: Mwangaluka wana ukoo. Jana shambani Kipalapala nyuki wamewatawanya vibarua wa tofali. Mmoja jicho halifunguki. Mizinga karibu na shimo kaweka nani?

Kulwa: Shikamoo shangazi. Ni yangu, ila ilikuwepo kabla ya hizo tofali.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Sijauliza nani katangulia. Chuo cha nyuki kipo hapa hapa Tabora, wewe unatega mizinga kwa kubahatisha!

Baba Mdogo Rama: Dada, mwenye balaa ni aliyewasha mashine ya kufyekea karibu na mzinga. Nyuki hawaelewani na mngurumo. Halafu kijana kavaa fulana nyeusi, nguo nyeusi ndiyo wanaanza nayo.

Doto: Shikamooni. Huyo kijana anahema vizuri? Midomo haijavimba?

Shangazi Mwajuma: Anahema vizuri. Miiba tulimkwangua kwa kucha.

Doto: Mlifanya vyema. Mwiba unabaki na kifuko cha sumu, na kinaendelea kusukuma, kwa hiyo cha muhimu ni kuwahi kuutoa. Ila mtu akivimba ulimi, akikoroma anapovuta pumzi au akiishiwa nguvu, msianze kumpaka mafuta ya taa. Tafuteni gari, hospitali moja kwa moja, achomwe adrenalini. Na aliyewahi kufika hapo asirudi kufanya kazi penye nyuki.

Shemeji Hamisi: Mwenzake si alijirusha kwenye shimo la maji 😂😂

Baba Mdogo Rama: Usicheke. Wanamngoja juu, akitoa kichwa wanaendelea. Dawa ni kufunika uso na kukimbia mpaka ndani ya nyumba. Ukisimama kupigapiga unawaita wengine, maana mwiba ukishaingia unatoa harufu kama ya ndizi mbivu, wenzao wanaifuata.

Shemeji Hamisi: Kumbe 😳

Kulwa: Basi naisogeza ng'ambo ya ule mwembe.

Baba Mdogo Rama: Kazi bure. Ukiisogeza mita 100, waliozoea kutoka hapo watarudi pale pale. Watazunguka hewani wakitafuta nyumba, na vibarua wako chini yao. Peleka mbali, kilomita 5 au zaidi. Usiku, wote wakiwa ndani, mlango umezibwa vizuri lakini hewa ipite. Kule kwetu porini Sikonge panafaa.

Kulwa: Sikonge kuna nyegere, baba.

Baba Mdogo Rama: Ninginiza kwa waya kama wenzako.

Shangazi Mwajuma: Na wale wanaojazana ukingoni mwa shimo mchana?

Baba Mdogo Rama: Hao wana kiu tu, kiangazi hiki maji watayapata wapi? Watengee beseni mbali na kazi, utie mawe na vijiti wapate pa kutua, la sivyo wanazama. Lisikauke lakini, likikauka watarudi shimoni.

Doto: Tena kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Usalama wa anayefanya kazi ni juu ya anayemwajiri, tusijifanye hatujui.

Shangazi Mwajuma: Umesikia Kulwa? Mpaka mizinga iondoke hakuna wa kukanyaga shimoni. Na ujira wao wa siku hizo utalipa wewe.

Kulwa: Shangazi jamani!! Asali yenyewe sijarina bado.

Shemeji Hamisi: Pikapu ninayo, shem. Mafuta yako, na mimi sishuki kwenye gari 😂

Baba Mdogo Rama: Kesho saa 2 usiku. Mje na nguo nyeupe.