Mtu kachimba mtaro barabarani, kaondoka bila hata utepe, halafu mimi niliyeanguka ndiye naulizwa kwa nini naendesha baiskeli usiku

Wakuu, habari za usiku.

Naandika kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa shingoni kwa bendeji, mtulinga umevunjika. Daktari kasema wiki sita. Kazi yangu ni ya kusimama kwenye mashine ya kuchapa na inataka mikono miwili, kwa hiyo ni wiki sita bila baiskeli na bila zamu.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, kama saa nne na nusu usiku, natoka kazini Chang'ombe narudi Segerea, hapa Dar. Njia hii nimeipita miaka sita. Tazara, Buguruni, nikaingia Tabata. Asubuhi yake nilipita palepale na lami ilikuwa nzima. Mchana kuna mtu kaja na mashine, kakata lami kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, kalaza bomba, karudishia udongo nusu, akaenda zake. Hakuna utepe. Hakuna koni. Hata lile tairi bovu lililopakwa chokaa, ambalo fundi yeyote wa mtaani angelisimamisha, hakuna. Taa za barabarani kipande kile zimekufa tangu mwaka jana. Mbele yangu gari linakuja limewasha taa kubwa na dereva hapunguzi. Sikuona kitu. Tairi la mbele likazama, nikarushwa juu ya usukani.

Aliyeniokota ni mzee mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Akanikalisha kwenye benchi lake, akanipa maji, akasema, "Pole mwanangu. Wewe wa tatu tangu magharibi."

Wa tatu! Kabla yangu kaanguka bodaboda na abiria wake, kisha kijana wa mayai ya kuchemsha na baiskeli yake. Ajali tatu ndani ya saa nne, shimo moja, na aliyelichimba yuko kwake amelala.

Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko mfupa. Nimekwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi, swali la kwanza: "Saa hizo na baiskeli ulikuwa unatafuta nini?" Nimefika mapokezi hospitali, swali lilelile. Nyumbani shemeji yangu, mtu ninayemheshimu, kasema, "Si tulikwambia uachane na baiskeli usiku?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kachimba pale.

Na msidhani nilikuwa giza. Nina taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma inayomwekamweka, fulana ya kuakisi mwanga, breki nimebadilisha mwezi uliopita. Lakini jicho likipigwa na taa kali linapofuka, na kuzoea giza upya kabisa kunachukua karibu nusu saa. Baiskeli ya mwendo wa kawaida, kilomita 18 kwa saa, inakwenda mita 5 kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona ni mita 10. Huyo mwenye gari kwa kasi ya 50 anakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Taa yangu ndogo itanisaidia nini hapo kama shimo halina alama?

Najua kuna atakayeniandikia kwamba waendesha baiskeli wengi hawana taa kabisa. Ni kweli, na nakereka nao. Nimekulia Tabora kwenye baiskeli ya marehemu baba, Phoenix nyeusi yenye dinamo la kusugua tairi. Ukikanyaga, taa inawaka na dinamo linaimba. Ukisimama, taa inakufa. Baba alikuwa akifika njia panda anashuka na kusimama kando kabisa kwenye majani, kwa sababu alijua dakika ile haonekani. Siku hizi taa za kuchaji zipo, na zinabaki zimewaka hata ukisimama, hivyo asiye nayo aitafute. Ila tusichanganye mambo. Kukosa taa ni kosa la mwendesha baiskeli mmoja, lakini barabara iliyokatwa na kuachwa wazi ni mtego kwa kila anayepita, mwenye taa na asiye nayo.

Halafu hili neno "usiku" mnavyolitaja kama vile ni saa za wezi tu! Dar jua linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, na giza letu halibishi hodi. Anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na ana safari ya saa nzima, tayari amefika kwake gizani. Wachuuzi wa samaki wanaowahi Feri kabla hakujakucha, walinzi, waoka mikate, watu wa zamu kama mimi, tupande nini? Ukimwambia mtu huyu asiendeshe usiku unamwambia aache kazi.

Na kwa upande wangu si kwa shida tu. Napenda, nasema wazi. Saa nne usiku joto limevunjika, jasho halikutoki hata kwenye mpando. Msimbazi pale Kariakoo, ambapo mchana huwezi hata kuikokota baiskeli, inakuwa yako peke yako, unasikia cheni yako mwenyewe. Jumamosi tukiwa wanne tunapita Lumumba, Mnazi Mmoja, tunashuka Ocean Road, upepo wa bahari unakupokea kifuani, tunapanda daraja la Tanzanite lile lililofunguliwa 2022. Kilomita moja na ushee juu ya maji, taa zimewaka mwanzo mpaka mwisho, maji yanapiga nguzo chini yako. Pale juu mtoto wangu wa miaka kumi na mbili nimemwacha atangulie mbele yangu bila wasiwasi. Kwa hiyo kumbe inawezekana! Tabata sisi tumekosa nini?

Maana hatari zenyewe tunazijua. Malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo yakiharibika barabara ya Mandela, utaona matawi ya miti yametupwa nyuma kama alama. Tawi jeusi juu ya lami nyeusi, lori lenyewe halina hata taa moja. Chemba mifuniko yake imeng'olewa ikauzwa chuma chakavu. Kando ya barabara ya Morogoro kuna njia ya baiskeli kabisa, imejengwa pamoja na ya mabasi ya mwendokasi, ukiingia usiku unakutana na bodaboda anakuja kinyume amezima taa, au gari limeegeshwa unarudi kwenye magari. Matuta yasiyopakwa rangi unayagundua kwa meno. Mbwa nao wapo, lakini mbwa ukishuka ukasimama wengi wanaacha.

Jumatatu, mkono ukiwa shingoni, nilikwenda kulalamika. Ofisi ya kwanza wakaniambia barabara ile si yao. Ya pili wakaniambia niwaletee jina la mkandarasi. Nitalitoa wapi? Hakuweka kibao. Mtu anakata barabara ya umma mchana kweupe na hakuna anayejua jina lake, mpaka majeruhi ndiye alitafute! Serikali ya mtaa nao wanasema walimwona akichimba ila hawana uwezo wa kumzuia. Basi wapewe uwezo huo. Anayetaka kukata lami aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, aache jina na namba ya simu kwenye kibao palepale, na jua likizama shimo likiwa wazi awashe taa na aweke mlinzi. Gharama ya utepe, taa mbili na mlinzi wa usiku mmoja haiwezi kufika niliyolipa kwa picha ya eksirei na dawa.

Mwenye uzoefu wa kudai fidia kwa jambo kama hili naomba anielekeze hapa hapa. PF3 ninayo, picha za mtaro ninazo, mzee mlinzi amekubali kusimama shahidi.

Na mtaro mpaka jioni hii haujafukiwa. Mzee kanipigia, mvua ya jana imeshusha udongo, umezidi kina. Kama unatoka Buguruni kwenda Segerea usiku huu, ukikipita kituo cha mafuta hamia kulia mapema. Mzee amechomeka fito yenye kiroba cheupe ukingoni. Ukikuta imeanguka, tafadhali shuka uisimamishe.