Naomba ushauri: keki ya sufuria inatoka bapa na ya manjano, na sherehe ni Jumamosi

Mama Wawili (Kisumu):
Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Kondele, na Jumamosi hii kitinda mimba wangu anatimiza miaka 7. Kwa kuwa keki za dukani zimepita uwezo wangu, niliamua tuoke yetu kwa vitu vilivyomo nyumbani: unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe kimoja, mayai 3, majarini na maziwa, juu ya jiko la makaa. Watoto wamekwisha kukata kofia za sherehe kutoka kwenye pakiti tupu za unga wa ugali na kuzibandika kwa uji mzito. Kofia zimependeza, keki ndiyo imenishinda. Nimejaribu mara mbili, na mara zote imetoka bapa, imeungua chini, juu ni tepetepe, na ndani ina umanjano ambao mayai 3 hayawezi kuuleta. Ninakosea wapi?

Bibi wa Lanet (Nakuru):
Dada, kosa liko kwenye mwiko. Piga majarini na sukari mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, kisha tia yai moja moja. Keki yangu ya kwanza nilipoolewa ilimlazimu mama mkwe kutafuta panga, na mpaka leo, panga likipotea pale bomani, mtu husema liangaliwe kwenye keki.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega):
Sisi tulikua bila keki na tukaelimika. Mtoto mchemshie viazi vitamu, mkaangie njugu, mwombee dua, naye atafurahi. Tamaa hizi ndizo zinazowatia wazazi madeni.

Jikoni Daima (Kisumu):
Mwalimu, shikamoo, lakini mama ameuliza habari ya keki. Mleta mada, umetaja kila kitu isipokuwa kile kinachoumua. Ulitia nini?

Mama Wawili (Kisumu):
Nilitia cha kawaida, kijiko kimoja kilichojaa. Mimi nashuku moto, kwa sababu baada ya dakika 20 nilichungulia kwenye kioo nikaona juu bado ni majimaji, ilhali chini kulikuwa kumeanza kunuka.

Jikoni Daima (Kisumu):
Cha kawaida kwa nani? Kitaje jina, mama.

Mama Wawili (Kisumu):
Haya. Ni magadi, yale ya mawe, niliyonunua soko la Kibuye na kuyatwanga mwenyewe. Kabla hamjanirukia, mama yangu amepikia kunde na mrenda kwa magadi maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani. Nijuavyo mimi, magadi na bekingi pauda ni ndugu. Isitoshe, unga wa jaribio la tatu nimekwisha kuuchanganya, na siwezi kumwaga mayai kwa bei za siku hizi.

Jikoni Daima (Kisumu):
Ni ndugu, lakini tabia zao ni mbali. Bekingi pauda imewekewa uchachu wake ndani, kwa hiyo ikikutana na maji na joto hutoa hewa inayoinua unga. Magadi hayana uchachu huo na ni makali zaidi. Ukali huo ndio unaoligeuza donge la ngano kuwa la manjano na kuacha ladha ya sabuni. Watoto hawakulalamika kuhusu ladha?

Mama Wawili (Kisumu):
Mkubwa aliniuliza kama sufuria ilisuuzwa vizuri.

Mwana wa Mumias:
Mmenikumbusha nyanya yangu, aliyechoma maganda makavu ya maharagwe, akayachuja majivu yake kwa maji, na ule musherekha ukalainisha mboga mpaka tukalamba vidole. Hata hivyo, sikumbuki akiuweka karibu na mandazi.

Siamini Upesi (Nakuru):
Naomba radhi, lakini hii ni hekaya. Keki ya sufuria hufunikwa kwa bati na makaa huwekwa juu. Huyu mama alichungulia kwenye kioo gani? Ama ana jiko la umeme analolificha ili tumhurumie, ama hakuna keki wala mtoto.

Bibi wa Lanet (Nakuru):
Nami nilitaka kuuliza habari ya hicho kioo, ila nilistahi.

Mama Wawili (Kisumu):
Sikuja hapa kuitwa mwongo. Kifuniko changu ni cha kioo, nilipewa na wifi yangu pamoja na sufuria yake. Makaa niliyaweka chini peke yake, kwani juu yangekipasua. Mnataka niwaletee wifi naye atoe ushahidi?

Jikoni Daima (Kisumu):
Mwache wifi apumzike. Kosa la pili limejitokeza lenyewe. Tafuta sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, uweke juu yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga. Funika ile kubwa kwa sinia la bati, weka makaa mengi juu na machache chini, usifunue kabla ya dakika 30, na ikikaribia dakika 45 dunga njiti katikati uone kama itatoka kavu. Kwa vikombe 2 vya unga, vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda vinatosha.

Mama Wawili (Kisumu):
Mchanga upo, jirani anajenga. Lakini huu unga uliokwisha kuingia magadi, nikiukamulia ndimu hautaokoka?

Jikoni Daima (Kisumu):
Ladha ya sabuni itapungua, ila hewa nyingi itatoka palepale kwenye bakuli, kabla ya kufika motoni. Jaribu kwanza kwenye kisahani.

Mama Wawili (Kisumu):
Nimekamua ndimu juu ya magadi yaliyobaki. Povu limepanda mpaka likamwagika mezani, watoto wameziacha kofia zao, na mdogo anasema Jumamosi wageni waonyeshwe hili kwanza. Ndimu zilikuwa nne; nikiandika hapa, imebaki moja.