Tupeane uzoefu: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, wewe ulielewa lini?

Wakuu, naanza mimi. Nilikuwa naandika 1/2 + 1/3 = 2/5, juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu ananikosesha bila maelezo, kesho narudia vilevile. Aliyenifungua macho ni dada yangu. Aliniuliza, "Nusu na 2/5, ipi kubwa?" Nikanyamaza. Nimeanza na nusu, nimeongeza kitu, halafu nimepata pungufu ya nusu! Tangu hapo kila jibu nalipima kwanza kama linawezekana. Nyie je?

Mchangiaji 2: Mimi ni saa ya ukutani. Nusu saa dakika 30, theluthi ya saa dakika 20, jumla 50, yaani 5/6 ya saa. Dakika ndizo zinazozipa sehemu zote mbili asili moja. Binti yangu nilimwelekeza hivyohivyo, akaifanya 1/4 + 2/5 peke yake: 15 na 24 ni 39/60, akarahisisha ikawa 13/20. Nilifurahi kuliko yeye.

Mchangiaji 3: KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) ilinitesa, nikawa nazidisha asili kwa asili. Si kosa, ila 5/12 + 7/18 ilinifikisha 90/216 + 84/216 = 174/216, na kurahisisha hapo ni kazi nyingine. Kwa KDS ya 36 ni 15/36 + 14/36 = 29/36, umemaliza. Hata hivyo mtoto anayeanza mwacheni apite njia ndefu. KDS ataitafuta mwenyewe akichoka.

Mchangiaji 4: Langu lilikuwa kubadili asili na kusahau kiasi (namba ya juu): 2/3 naandika 2/12. Mwalimu wa tuisheni akanipa karatasi. Nikaikunja sehemu tatu sawa, mbili nikazipaka rangi. Akaniambia niikunje tena sehemu nne kwa upande mwingine. Nikakunjua, nikahesabu: vipande 12, vyenye rangi 8. Rangi haikuongezeka wala kupungua. Basi 2/3 ni 8/12, na sijawahi kusahau tena.

Mleta mada: Hiyo ya karatasi leo jioni naifanya na mdogo wangu. Na namba mchanganyiko, mfano 2 1/4 + 1 2/3, mnageuza kuwa sehemu guni (ya juu kubwa kuliko ya chini, kama 9/4)?

Mchangiaji 2: Kwenye kujumlisha sigeuzi. Namba nzima pembeni, 2 + 1 = 3. Kisha 3/12 + 8/12 = 11/12. Jibu 3 11/12.