Kijivu hafifu kinageuka buluu sebuleni: nichague kipi?

Mkazi wa Bwiru
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninamalizia nyumba hapa Mwanza ambayo sebule yake inatazama ziwa upande wa magharibi, na chumba cha kulala kinatazama majabali yaliyo nyuma, upande wa mashariki. Nilichagua kijivu hafifu kwenye kadi ya dukani, na fundi akapaka ukuta mmoja wa sebule na mmoja wa chumbani kutoka ndoo ileile ya lita 20. Asubuhi ukuta wa sebuleni ni wa buluu kama shati la sare ya shule. Jioni jua likishuka ziwani unakaribia rangi ya chai ya maziwa, na ule wa chumbani unaonekana mchafu mchana kutwa. Fundi anasema rangi ni moja, nami ninamwamini kwa kuwa nilikuwapo akifungua ndoo. Sakafu ni vigae vya krimu. Nichague kijivu gani kabla sijanunua ndoo nyingine tatu?

Fundi rangi, Igoma
Ndugu, fundi mwenzangu hana kosa. Kijivu kina rangi kidogo mno ndani yake, kwa hiyo mwanga wowote unaokiangukia hukivuta upande wake. Asubuhi sebule yako haipati jua bali mwanga wa anga, ambao una ubuluu. Jioni jua la manjano huingia moja kwa moja, na jingine hurudishwa na maji. Isitoshe, nahisi kijivu chako kimechanganywa kwa nyeupe na nyeusi peke yake, na mchanganyiko huo huelemea buluu. Waombe dukani waongeze kahawia au manjano ya udongo, lakini kwa matone, kwa sababu ukizidisha utapata rangi ya uji wa ulezi. Usijaribie tena ukutani. Chukua kipande cha jipsam kilichobaki, kipake mikono miwili (yaani mara mbili), kiache hadi kesho yake maana rangi ya maji hukolea inapokauka, kisha kiegemeze kwenye kila ukuta saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni.

Mama wa Nyegezi
Mwanangu, kitazame pia usiku. Mimi nilipaka kijivu kizuri chenye joto, lakini taa zilipowashwa sebule ikawa kama wodi, kumbe balbu zilikuwa zile nyeupe kali zilizoandikwa 6500K. Nilipoweka za 3000K, zenye mwanga wa manjano, ukuta ulitulia, na sikununua hata galoni moja ya ziada. Jambo jingine ni vijidudu vya ziwani. Siku wingu lao linapoingia hujaa ukutani karibu na taa, na ukiwafuta kwenye rangi isiyong'aa hubaki michirizi ambayo kijivu hafifu hakiifichi. Sebuleni tumia silki, yaani rangi yenye mng'ao kidogo inayoosheka, ila plasta iwe imenyooshwa vizuri, kwani silki huonyesha kila tuta.

Mwalimu, Kirumba
Ninakubaliana nao, isipokuwa kuhusu chumba cha nyuma. Usifuate ushauri wa Ulaya na Marekani unaohusu madirisha ya kaskazini na kusini. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita kaskazini yetu mwezi Juni na kusini yetu mwezi Desemba, hivyo kinachotuathiri zaidi ni mashariki na magharibi, pamoja na kile kinachoziba dirisha. Chumba chako kingepata jua la asubuhi, lakini majabali yamelikinga. Kijivu kisichopata mwanga hakina uzuri wowote, hata kiwe cha bei gani. Paka krimu hafifu huko, na kijivu kibaki sebuleni.

Mkazi wa Bwiru
Asanteni sana. Kipande cha jipsam chenye matone ya kahawia kimeamka leo kikiwa kijivu, na kando ya vigae hakina ugomvi. Mke wangu bado anakiona cheusi kidogo, kwa hiyo tutajaribu kimoja cheupe zaidi. Chumba cha nyuma kitapakwa krimu. Fundi ameniagiza ndoo zote tatu zinunuliwe siku moja, azichanganye kwenye pipa kabla ya kuanza, ili ukuta usije ukawa na vijivu viwili.