Tupeane uzoefu: siku orodha tupu ilipokuumbua

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Nafungua uzi huu kwa sababu juzi nimeaibika na sitaki niwe peke yangu.

Nina mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwandikia kiprogramu cha Python kinachopitia mauzo ya siku na kumtumia ripoti saa sita usiku. Miezi minne shwari. Ikaja Idi, duka likafungwa. Mstari wenyewe huu hapa:

`kubwa = max(m.kiasi for m in mauzo)`

max ikikuta hamna kitu haina cha kurudisha, inatupa ValueError na programu inakufa palepale. Ripoti haikwenda. Nikairekebisha kwa simu nikiwa kitandani, nikaongeza `default=0` (jibu la akiba ikikosa kitu), nikalala usingizi wa pono. Asubuhi bosi anapiga: "Kijana, hapa naambiwa mauzo makubwa ya jana ni shilingi 0. Nani kauza kitu cha shilingi 0 na funguo ninazo mimi?"

Ana haki. Sifuri nayo ni jibu, na mimi nilitaka kusema jibu hakuna. Sasa nimeweka `default=None`, ikitokea hiyo ripoti inaandika "hakukuwa na mauzo". Hiyo default ipo tangu Python 3.4, kwa hiyo sina cha kujitetea. Haya, nyie yaliwakuta yapi?

Bi_Tarakimu

Yako ilikufa, shukuru Mungu. Yangu ilisema ndiyo.

Mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba. Mkopo unapita wajumbe wote wa kamati wakikubali, nikaandika `all(w.amekubali for w in wajumbe)`. Likafunguliwa tawi jipya, watu wakaanza kuomba mikopo kabla hajasajiliwa mjumbe hata mmoja. Sasa all ya orodha tupu ni True. Wala si hitilafu: inachofanya ni kumtafuta aliyekataa, ikimkosa inasema wote wamekubali. Wajumbe hawapo, na wote wamekubali! Maombi matatu yakaidhinishwa kabla chai haijapoa.

Aliyetuokoa ni mhasibu, mama wa makamo ambaye hadi leo anaandika kila kitu kwenye kaunta buku. Aliuliza tu, "Saini ziko wapi?" Pesa zilikuwa hazijatoka. Siku hizi naanza na `len(wajumbe) >= 3`, maana katiba ya chama inataka watatu, ndipo all inafuata.

Mzee_wa_Lupu

Mimi iliniumbua jenereta, na si ile ya dizeli: ni ile ya Python inayotoa kitu kimoja kimoja kila ukiomba, badala ya kukupa orodha nzima.

Kazi ilikuwa kutuma SMS kwa wazazi wanaodaiwa ada. Kama hakuna mdaiwa, programu isijisumbue kufungua muunganisho. Nikaandika `if wadaiwa:` nikaona inapita siku zote. Jenereta huhesabika kuwa kweli iwe na watu au isiwe nao, Python haichungulii ndani. Basi nikachungulia mwenyewe: `next(wadaiwa, None)`, yaani nipe anayefuata, akikosekana nipe None; ikirudi None naacha, ikirudi mtu naingia kwenye lupu. Ikafanya kazi vizuri mno.

Shida ni kwamba ukishachomoa wa kwanza, harudi. Lupu ilianzia kwa wa pili. Na majina yalipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo aliyerukwa ni mzazi yuleyule, muhula mzima. Siku ya kikao cha wadaiwa sugu baba wa watu akasimama, akanyoosha simu yake mbele ya kila mtu: "Nionyesheni hiyo SMS mliyonitumia." Nilikuwa nimekaa nyuma, natamani ardhi ipasuke.

Dawa yake: `chain([wa_kwanza], wadaiwa)` kutoka itertools. Unamrudisha uliyemchomoa mbele ya foleni, ndipo unaendelea.

Kibatari

Mkuu, na kama None yenyewe ni data halali humo ndani?

Mzee_wa_Lupu

Unatengeneza alama yako: `hapana = object()`, unaita `next(it, hapana)`, kisha unalinganisha kwa `is`. Haiwezi kufanana na chochote kilichomo.

KijanaKutu

Hamieni lugha ya Rust mpumzike. Huko max() ya itereta (kitu cha kupitia data moja moja) inarudisha Option, yaani ama jibu ama None, lazima useme utafanya nini ikiwa None. Labda uandike unwrap, yaani ulazimishe jibu litoke hata kama halipo, na hapo umejitakia.

Bi_Tarakimu

Mdogo wangu, all() ya Rust kwenye itereta tupu inarudisha nini?

KijanaKutu

...true. Shikamoo dada.

NyaniMzee

Marahaba kwa niaba yake 😂

Yangu ni ya Python 3.5, kampuni ya mizigo. Jenereta inapita tawi kwa tawi na kutoa mzigo wa kwanza wa siku: `yield next(iter(tawi.mizigo))`. Matawi 11. Siku moja tawi la tatu halikupokea hata boksi. next ikatupa StopIteration, na enzi hizo StopIteration ikitokea ndani ya jenereta ilichukuliwa kwamba jenereta yenyewe imemaliza kazi. Ripoti ikatoka na matawi mawili. Safi, imepangika, hakuna kosa jekundu popote. Ilirudia hivyo kila tawi fulani lilipokosa mzigo, hadi meneja wa tawi la 11 alipolalamika kwamba makao makuu wanamtenga.

Tulipohamia 3.7 mstari uleule ukaanza kufa kwa RuntimeError. Ofisi nzima wakailaani 3.7. Mimi nilitaka kuinunulia soda.

Kibatari

Nimefungua laptopu kuangalia. Nina next tano zisizo na default kwenye kile kiprogramu cha duka, na mbili ziko ndani ya jenereta. Narudi.