Vijana wanasilimu kwa imani au kwa karo?

Mleta mada, Kampala

Ndugu zangu, juzi nilikuwa buchani nikingoja kilo yangu, mzee mmoja akaropoka kwamba vijana wa siku hizi wanasilimu kwa ajili ya futari ya bure na karo ya Waarabu. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, akapangusa kisu taratibu. "Mzee, na nyama hii unadhani kachinja nani?" Tukacheka, mzee akanuna.

Nimelileta hapa kwa sababu jibu lile lina mizizi. Uislamu uliingia ikulu ya Buganda mwaka 1844, Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka (mfalme) Ssuuna II. Mutesa I aliyemrithi alifunga Ramadhani na kujifunza Kiarabu, ila tohara hakuitaka. Waliomkera baadaye ni vijana wake mwenyewe, watumishi wa ikulu. Walikataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, wakakataa na nyama ya Kabaka kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu. Mwaka 1876 wapatao 70 wakauawa Namugongo, takriban miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo tunaowakumbuka kila Juni 3. Hao nao walilipiwa karo na nani?

Leo hii machinjioni, hata kwenye sherehe za Wakristo, anayeshika kisu ni Mwislamu, na wala hatuulizi kwa nini.

Wa Bombo

Hapo umenena. Sisi Wanubi hatukufuatwa na mfadhili wala mhubiri. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko Equatoria, kisha Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawachukua 1891, dini na Kiswahili vikaingia kambini pamoja nao, halafu vikatoka kambini kwa ndoa. Mama yangu mzazi alisilimu kwa ndoa, na yeye ndiye aliyetupeleka madrasa kwa fimbo. Baba alikuwa mpole.

Wa Mbale

Msiikimbie karo, ndiyo hoja yenyewe. Enzi za mkoloni shule zilikuwa mikononi mwa wamishenari. Mzazi Mwislamu aliogopa mtoto ataenda Juma, atarudi Yohana. Basi vijana wetu wakaishia kwenye bucha, udereva na biashara ndogondogo, halafu jamii ikageuka na kusema Waislamu hawapendi kusoma. Kile kisu mnachokisifu kilikuwa pia ukuta.

Ukuta huo ulibomolewa kwa shule. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi Kibuli, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa hapa Mbale kwa msaada wa Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ambayo Amin alituingiza 1974. Ndiyo, pesa za nje. Kwani shule za misheni zilijengwa kwa pesa za matoke? Na chuo kinapokea Wakristo. Nilipita hapo, nikasoma meza moja na Mkristo wa Teso, akatoka Mkristo vilevile, tena ananishinda hesabu.

Wa Kasese

Mnazungumza vizuri, ila mko mbali na mpaka. Sisi Mpondwe, mpakani na Kongo, tulivamiwa na waasi wa ADF Novemba 1996, na Juni 2023 wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua wanafunzi 37. Wengine walichomwa ndani ya bweni. Kundi hilo lilikusanya vijana kwa jina la dini. Mnapojadili ushawishi kwa vijana msiruke hilo.

Mleta mada

Siliruki, ndugu yangu, poleni sana. Lakini tazama na upande wa pili. Mdogo wangu amewahi kushushwa kwenye teksi, kizuizi cha barabarani, kwa sababu ya ndevu na suruali fupi. Alikuwa anapeleka dawa kwa bibi. Kijana wa namna hiyo ukimshuku kila siku, unamfanyia kazi yule anayemnong'oneza.

Na hili la "kuenea" tulipime kwa sensa. Waislamu walikuwa asilimia 12.1 mwaka 2002, wakawa 13.7 mwaka 2014. Walokole katika miaka hiyohiyo walitoka chini ya asilimia 5 hadi 11.1. Mbona buchani hakuna anayeuliza walokole wananunuliwa kwa nini?

Wa Mbale, kuhusu ukuta umenifunga mdomo nusu. Jana nilirudi kwa yule kijana nikamsimulia mjadala huu. Akanionyesha ukutani, juu ya mizani, cheti cha diploma ya uhasibu ndani ya nailoni, kina madoa ya mafuta. Miaka mitatu anatafuta kazi. Nikamuuliza karo alilipiwa na nani, Waarabu? Akacheka, akagonga gogo la kukatia nyama.

"Huyu hapa. Na wadogo zangu wawili bado anawalipia."