Naomba ushauri: nimwonyeshe mama mkwe tamthilia ya Kidenmark, au niiache?

Mtoto wa Chumbageni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila nilipelekwa Denmark nikiwa na miaka minne, nikakulia na kusomea Copenhagen. Nimeolewa huku nyumbani, huu ni mwaka wa pili, tunaishi na mama mkwe na wifi zangu wawili. Kila siku baada ya isha tunakaa sebuleni na zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Wananieleza nani kamdhulumu nani, nami nimenogewa. Juzi mama akaniambia, "Na huko ulikokulia hakuna cha kutuonyesha?"

Kipo. Kinaitwa Forbrydelsen, yaani Uhalifu. Kilianza kuonyeshwa Januari 2007, Jumapili saa mbili usiku, na mimi nilikuwa na miaka 12. Binti wa miaka 19, Nanna Birk Larsen, anakutwa amekufa ndani ya buti la gari lililotumbukizwa majini. Gari lenyewe ni la kampeni ya mwanasiasa anayeutaka umeya wa Copenhagen. Mpelelezi ni mwanamke, Sarah Lund, aliyekuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuhamia Sweden na mwanawe. Msimu wa kwanza una sehemu 20, kila sehemu ni siku moja ya upelelezi.

Lakini kilichonifanya niipende si polisi wala siasa. Ni wazazi wa Nanna. Baba ana kampuni ya kuhamisha mizigo, wanaishi ghorofani juu ya ofisi. Tamthilia nyingi za mauaji maiti inaonekana mara moja, kisha wafiwa wanasahauliwa. Hii inakaa nao jikoni kwao: watoto wawili wadogo hawajui waulize nini, mama anajaribu kupanga mazishi, fedha zinapungua. Hakuna aliyewahi kunionyesha msiba hivyo kwenye kioo.

Na hapo ndipo shida yangu ilipo. Mama mkwe alifiwa na kitinda mimba wake miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa ajali ya barabarani, si mauaji, ila marehemu alikuwa na miaka 20. Picha yake ipo juu ya televisheni hiyo hiyo.

Nimuwekee au nitafute nyingine? Pia haina Kiswahili, ina maandishi ya Kiingereza chini tu, na mama Kiingereza hakipandi. Nawasilisha.

Fundi Redio

Mkuu, suala la lugha ni jepesi. Kuna ile ya Wamarekani ya mwaka 2011, wameihamishia Seattle. Ni Kiingereza mwanzo mwisho, wifi zako watamfafanulia mama.

Mtoto wa Chumbageni

Ahsante mkuu. Hiyo naijua, na waigizaji wake ni wazuri. Ila walibadilisha hata muuaji, na kesi moja waliivuta misimu miwili. Mama kaomba cha kwetu. Nikimpa cha Seattle nitakuwa sijamjibu.

Bi Raskazone

Mwanangu, mimi nilimzika mtoto wangu wa kiume. Nitakwambia kitu ambacho waliokuzunguka hawatakwambia. Baada ya arobaini watu huacha kulitaja jina la marehemu mbele yako. Wanadhani wanakuhifadhi. Mimi nilitamani mtu amtaje mwanangu, hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo usimwamulie mama mkwe wako. Lakini usimvizie pia. Akikaa na kikombe chake cha chai halafu aone gari linavutwa kutoka majini bila kujua kinachokuja, utakuwa umemkosea sana. Mwambie kwanza, mkiwa wawili, mchana, televisheni imezimwa.

Mpelelezi Mstaafu

Naunga mkono Bi Raskazone. Nimeitazama yote kwa flashi ya kijana wangu. Kwa aliyefanya kazi ile, kinachogusa ni kwamba wanakosea. Wanamshuku huyu, wanamwacha, wanamshuku yule, na kila aliyeguswa na tuhuma anabaki na doa hata akiachwa. Ndivyo kazi ilivyo, ingawa tamthilia nyingi hazikubali kuonyesha.

Tahadhari mbili, dada. Mwanzo kabisa binti anaonekana akikimbia msituni usiku, kavaa kigauni chepesi, anafukuzwa. Na mapema tu polisi wanazungumza waziwazi kwamba alibakwa. Mbele ya mkwe utatafuta pa kuficha uso. Jipange.

Abuu Salma

Mimi swali langu ni jingine. Nimesikia kuna mwalimu Muislamu anayeshukiwa. Unampelekea mama mtu mzima kitu kinachotutukana?

Mtoto wa Chumbageni

Swali la haki kaka, na mimi ni Muislamu niliyelelewa kule. Katuni zile za Mtume zilichapishwa gazetini Denmark mwaka 2005, tamthilia ikaja 2007. Shuleni tulikuwa tunatazamwa kwa jicho la pembeni. Mwalimu huyo ni mwalimu wa Nanna, wanamwita Rama. Siwezi kukwambia yanayompata bila kuwaharibia wengine. Ila baba yangu alipotazama sehemu zile hakukasirikia tamthilia, aliwakasirikia majirani wa huyo mwalimu. Alikuwa akisema, "Angalia wanavyomgeuka." Sikuona tukitukanwa. Niliona mtu ameandika kile tulichokuwa tukikiogopa.

Abuu Salma

Nimekuelewa. Mola akujaalie.

Msafiri wa Malmö

Nami niko upande wa pili wa maji, Sweden. Kama unaogopa msiba, kuna Bron, ya mwaka 2011, ya Wasweden na Wadenmark kwa pamoja. Mwili unakutwa katikati ya daraja la Øresund, juu ya mpaka wenyewe, na polisi wa nchi mbili wanalazimika kufanya kazi pamoja. Hapo huzuni ya familia si kiini. Ila mauaji yake ni ya kutisha zaidi kwa macho.

Kuhusu sehemu 20: usiwawekee tatu tatu usiku mmoja kama tunavyozoea kumaliza flashi. Hata Denmark haikwenda mfululizo. Walionyesha sehemu kumi za kwanza mwanzoni mwa mwaka, kumi nyingine wakazileta vuli. Moja kwa wiki, na wiki nzima mnabishana jikoni nani muuaji. Huko ndiko kuzuri.

Wifi wa Mtu

Lugha nayo si tatizo, mbona una mdomo! Wewe Kidenmark unakijua. Kaa kando ya mama umtafsirie kwa sauti kama watafsiri wa kwenye vibanda vya video. Sisi bibi yetu aliimaliza tamthilia ndefu ya Kihindi namna hiyo, mjukuu ndiye sauti ya kila mtu. Na palipo na maneno ya aibu utajua mwenyewe utayavika nguo gani.

Mtoto wa Chumbageni

Nimerudi na mrejesho, wakuu.

Leo mchana wifi zangu walikwenda sokoni, tukabaki wawili tunachambua mchicha. Nikamweleza mama yote, hata lile gari, hata kwamba mama wa binti anazipata habari akiwa kwenye simu. Nikamwambia binti ana miaka 19, na kwamba akitaka tuiache, tutaiacha na sitaitaja tena.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyo mama mtu, wanamwacha amlilie mwanawe, au wanamkimbilia muuaji?"

Nikamwambia wanamwacha. Mpaka sehemu ya mwisho.

Akasema, "Basi weka. Ila siku nikikwambia zima, uzime, usiniulize."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaanza kunisimulia habari za marehemu wifi yangu. Alipenda kukaa wapi pale sebuleni, alivyokuwa hawezi kutazama kitu bila kuuliza maswali. Mchicha ulilala.

Tunaanza Jumapili hii, saa mbili usiku. Mtafsiri ni mimi.